"Si Mlisema Presha Iko Sawa?" Mwili Unavyokabili Kupungua kwa Damu Mgonjwa Akiwa Nusu Kaputi

Kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha upasuaji kuna swali linalorudi kila mara, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa hasira: "Daktari, si mlisema presha yake iko sawa?" Ndugu aliingia akiongea, alipimwa, namba zilikuwa nzuri. Baada ya saa moja mlango unafunguliwa na wanaombwa watu wawili watatu wakachangie damu haraka. Mtaani jibu hupatikana kabla hata daktari hajamaliza kueleza: wamemzidishia nusu kaputi. Au: walikuwa wanatuficha.

Mara nyingi aliyekuwa anaficha ni mwili wenyewe. Mwili ni hodari wa kuficha upungufu wa damu, na presha ndiyo unayoilinda mpaka dakika za mwisho. Dawa ya usingizi inavuruga kazi hiyo. Ndiyo maana damu kiasi kilekile ambacho mchangiaji huitoa akanywa soda na kurudi kazini, inaweza kumtikisa vibaya mtu aliyelala mezani.

Kwanza maneno. Nusu kaputi ni usingizi wa dawa wa mwili mzima. Mgonjwa hajui kinachoendelea, na mara nyingi mashine au mkono wa mtaalamu wa usingizi ndio unaomsukumia hewa. Ganzi ya mgongo ni sindano nyembamba kiunoni, inayofanya kuanzia kifuani kwenda chini pasihisi maumivu huku mgonjwa akiwa macho. Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hupewa hiyo. Ateri ni mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini, vena ni ile inayoirudisha. Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za ateri. Haipimi damu ni kiasi gani, wala haipimi inatembea kwa kasi gani. Nusu ya mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Kiasi chenyewe si kigumu kukadiria. Mwanamume ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito, mwanamke kama 65. Mwanamume wa kilo 70 ana karibu lita 5, mwanamke wa kilo 60 ana kama lita 3.9. Moyo ukiwa umetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika, maana yake damu yote hufanya mzunguko mzima kwa dakika moja hivi.

Maji yaliyo chini ya koki

Mkazi wa Dodoma hahitaji kufundishwa habari za tenki. Siku ya mgao anapanda, anafunua kifuniko, anaona maji yapo. Anashuka, anafungua bomba la jikoni, kimya. Maji yapo kweli, ila yako chini ya koki. Fundi hutoboa tundu la koki juu kidogo ya kitako, na maji yaliyo chini ya tundu hilo hayatoki hata uyaangalie kutwa nzima. Kinachosukuma maji kwenda jikoni ni yale yaliyo juu ya koki tu.

Mzunguko wa damu uko hivyohivyo. Karibu theluthi mbili ya damu yote imekaa kwenye vena, mishipa laini inayotanuka kwa urahisi. Kati ya zile lita 5, kama lita 3.5 kazi yake ni kuijaza mishipa tu, bila kuzivuta kuta zake. Hayo ndiyo maji ya chini ya koki. Lita 1.5 hivi zinazobaki ndizo zinazozikaza kuta na kuirudisha damu kwenye moyo. Na moyo, hata uwe na nguvu za trekta, hautoi zaidi ya kilichoufikia. Pampu za Mzakwe, kwenye visima vinavyolisha Dodoma, nazo zisipopata maji kisimani zitanguruma bure.

Tofauti kubwa ni kwamba tenki la mwili si la plastiki ngumu. Ni kama mfuko wa mpira uliokumbatiwa na mikono. Mikono ikiminya, kina kinapanda na maji yaliyokuwa chini ya koki yanapanda juu yake, ingawa hakuna tone lililoongezwa. Ikilegea, kina kinashuka, ingawa hakuna tone lililomwagika. Mikono hiyo ni neva za simpathetiki, neva zilezile zinazofanya moyo udunde ukiponea chupuchupu kugongwa na daladala. Zikiminya vena za utumbo, ini na ngozi, zinaweza kuhamisha damu inayokaribia lita nzima kutoka chini ya koki kwenda juu.

Hiyo ndiyo akiba anayoitumia mchangiaji. Mpango wa Taifa wa Damu Salama humtoa mtu mwenye kilo 50 na zaidi mililita 450 au karibu na hapo, na wengi hawahisi kitu. Sehemu ya maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana mwanaume huambiwa arudi baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya 4.

Mtu akiwa macho, damu ikitoka

Kuna vihisi vya presha shingoni, pale ateri kubwa inapogawanyika, na vingine kwenye upinde wa ateri kuu juu ya moyo. Kuta zikivutwa pungufu kidogo tu, vinatoa taarifa kwenye shina la ubongo na jibu linarudi ndani ya sekunde chache: moyo uende mbio, ateri ndogo zijibane, vena ziminywe. Baada ya dakika kadhaa maji yaliyo kati ya seli huanza kuingia kwenye mishipa kuziba pengo. Figo nazo hubana mkojo, na mgonjwa anahisi kiu, kiu kali kweli.

Kwa mwanamume wa kilo 70, kupoteza hadi mililita 750 hubadilisha kidogo sana kwenye mashine. Kutoka hapo hadi lita 1.5, mapigo yanavuka 100, viganja vinapoa, mkojo unapungua, mtu anakosa utulivu. Lakini namba ya juu ya presha mara nyingi bado imesimama palepale. Inayosogea mapema ni ile ya chini, na inasogea kwenda juu, kwa sababu mishipa imejibana. Aliyekuwa na 120 kwa 75 anakuwa 115 kwa 90. Anayetazama 115 peke yake anatulia. Anayetazama pengo kati ya namba mbili, kutoka 45 hadi 25, anaanza kuulizia damu. Baada ya lita 1.5, karibu theluthi ya damu yote, ndipo namba ya juu inapoanguka, na ikianza kuanguka huwa haishuki polepole.

Kwa hiyo hata kwa mtu aliye macho, presha ni habari inayochelewa. Sasa mlaze.

Dawa inapoilegeza mikono

Propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa inayopitishwa kwenye mshipa, ndani ya dakika moja au mbili inalegeza vena, inalegeza ateri, na inawapunguzia sauti wale walinzi wa shingoni. Presha inashuka na moyo haupandishi mapigo kama ambavyo ungepandisha mtu akiwa macho. Gesi za usingizi kama isoflureni na sevoflureni nazo hulegeza mishipa. Halotheni, ya zamani zaidi, inadhoofisha msuli wa moyo wenyewe. Fentanili, dawa ya maumivu, inapunguza mwendo wa mapigo. Juu ya yote hayo kuna mashine ya kupumulia. Tukivuta pumzi wenyewe, kifua kinafyonza hewa na damu pamoja. Mashine inasukuma hewa ndani, kifua kinajaa shinikizo, na vena kubwa zinazoingia kwenye moyo zinabanwa kidogo kila pumzi.

Wazee waliotuachia neno nusu kaputi, yaani nusu mfu, hawakuwa mbali. Fahamu ndiyo tunayoifikiria, lakini kinachomsumbua mtaalamu wa usingizi ni ile nusu nyingine iliyozimwa kimyakimya, ile ya kuminya tenki.

Mtu mwenye afya, asiyepungukiwa maji, hulivuka hili bila shida. Presha inashuka kwa kiasi kinachotarajiwa, anaongezewa dripu au dawa kidogo ya kukaza mishipa, kazi inaendelea. Na kwa haki, usingizi una upande wake mzuri: mwili uliolala unatumia oksijeni pungufu kuliko mwili unaohangaika na maumivu. Tatizo ni kwamba akiba imeshaguswa kabla kisu hakijagusa ngozi. Damu yote ipo, ila kina kiko karibu na koki. Zile mililita 450 za mchangiaji zikitoka sasa, hazitoki kwenye tenki lilelile.

Na dalili zenyewe? Kiu hasemi. Kizunguzungu hasemi. Hahangaiki, kwa kuwa amelala. Mapigo huenda yasipande, hasa kama ni mtu wa dawa za presha zinazozuia moyo kwenda mbio. Ndiyo sababu mtaalamu anatazama vitu ambavyo ndugu hawavijui kabisa. Kimoja ni kipimo cha hewa chafu inayotoka mapafuni: kawaida huwa kati ya 35 na 45, na kikishuka ghafla hadi 25 huku mashine inapumulia vilevile, ina maana damu inayofika mapafuni kuitua hewa hiyo imepungua. Kingine ni wimbi la kipimo cha oksijeni kidoleni, ambalo hupungua kimo na kubadilika kila pumzi, hata kama namba bado ni 98. Kuna mfuko wa mkojo pia, unaotakiwa kupata angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60, mililita 30. Na kuna kidole gumba: bonyeza ukucha, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Ganzi ya mgongo haina kinga yake yenyewe

Imani iliyoenea ni kwamba ganzi ya mgongo ni salama kwa kila mtu kwa sababu mgonjwa hajalala. Kwa mama mwenye damu ya kutosha ni chaguo zuri sana. Kwa mtu ambaye tayari amemwaga damu nyingi, inaweza kuwa chaguo baya kuliko nusu kaputi.

Sababu ni mahali. Neva zinazoleta maumivu na neva zinazominya mishipa zinatoka kwenye uti ule ule. Mililita 2 hadi 2.5 za bupivakeini nzito, dawa yenyewe ya ganzi, zinapolala kwenye maji ya uti, zinazima zote kwa pamoja, kuanzia usawa wa kifua kushuka. Vena za miguu na tumbo zinatanuka zote kwa mara moja. Ukimshika mama miguu dakika tano baada ya sindano utaikuta ya moto. Ni damu iliyohamia huko. Ganzi ikipanda mpaka juu ya kifua inazifikia neva zinazoukimbiza moyo, na hapo mapigo yanashuka wakati yalipaswa kupanda. Ongeza tumbo la miezi tisa linaloilalia vena kuu, ndipo utaelewa kwa nini muuguzi anakunja shuka na kuiweka chini ya nyonga ya kulia ya mama, alale ameinamia kushoto kidogo.

Mimba yenyewe inaleta mtego mwingine. Inaongeza damu kwa karibu asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo mama wa kilo 65 anaweza kuwa na karibu lita 6. Hiyo ni zawadi kwa ajili ya siku ya kujifungua, na ndiyo inayomfanya aweze kupoteza lita nzima huku presha ikiwa bado ya kuridhisha. Upande wa pili wa zawadi: mimba ikitimia, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Mji ukigoma kujikaza baada ya kondo kutoka, na mashine ya presha imepangwa kupima kila dakika tano, mengi hutokea kati ya kipimo na kipimo.

Chukua upasuaji wa kawaida. Ganzi imewekwa, presha imeshuka kutoka 125 hadi 95, amepewa efedrini kidogo, dawa ya kupandisha presha, imerudi 110. Mtoto ametoka, analia. Anapewa oksitosini ili mji ujikaze. Ikisukumwa kwa pupa, nayo inatanua mishipa na presha inashuka tena. Hadi hapa kuna vitu viwili vya kuishusha presha na hakuna hata kimoja kinachohusu damu kumwagika. Kisha dakika ya 25 inakuwa 88. Ni ganzi? Ni oksitosini? Ni damu?

Kwenye kioo cha mashine zinafanana kama mapacha. Kinachozitenganisha ni muda na tabia. Presha ya ganzi hushuka ndani ya dakika 10 au 15 za mwanzo, ukiipa efedrini inapanda na kukaa. Inayoshuka baadaye, ikapanda kwa dozi, ikashuka tena, ikataka dozi nyingine, ichukuliwe kuwa ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Mikono ya mama nayo husema: sehemu iliyo juu ya ganzi bado inaweza kujibana, kwa hiyo unakuta miguu ya moto na viganja vya baridi, vyeupe, vyenye jasho. Mama mwenyewe aweza kusema anasikia kichefuchefu au "moyo unakwenda". Asipuuzwe kwa kuambiwa ni wasiwasi.

Halafu kuna swali la imetoka kiasi gani, ambalo macho hulijibu vibaya. Damu inachanganyika na maji ya uzazi kwenye chupa ya kunyonyea, inajificha chini ya shuka za kijani, inalowesha godoro, inateremka ukeni ambako aliyesimama upande wa kichwa haoni. Ukadiriaji wa macho kwa kawaida hupunguza, tena hupunguza zaidi damu inapokuwa nyingi. Mizani ya jikoni inashinda uzoefu wa miaka 20: pima vitambaa vilivyolowa, toa uzito wa vikavu, gramu moja ihesabu mililita moja.

Aliyefika na 110 kwa 80

Mfano wa pili ni mbaya zaidi na hutokea barabara zozote zenye bodaboda, iwe ya Kondoa, ya Kongwa au ya Singida. Kijana ameanguka, bandama limepasuka ndani. Anafika anaongea. Presha 110 kwa 80, mapigo 130. Ndugu wanasikia 110 na wanashusha pumzi.

Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: 130 kwa 110 ni karibu 1.2. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 0.5 na 0.7. Pengo la namba mbili ni 30 tu. Kijana huyu anaishi kwa mkopo. Kila neva inaminya kwa nguvu zake zote na akiba imekwisha. Ukimpa dozi kamili ya propofoli, mikono yote inaachia kwa pamoja. Kinachofuata watu watakiita kuzidishiwa dawa, na kwa maana fulani hawajakosea: dozi iliyo sawa kwa mtu mzima wa afya ni nyingi kwa huyu. Ndiyo maana huchaguliwa ketamini, ambayo inazichochea neva za simpathetiki, tena kwa kipimo kilichopunguzwa, pengine nusu. Kwa mgonjwa aliyechoka kabisa hata ketamini huweza kuushusha moyo.

Kuna jambo la pili ambalo halijulikani sana. Tumbo lililojaa damu linajibana lenyewe na kuizuia damu isitoke kwa kasi. Siku likifunguliwa, kizuizi hicho kinaondoka. Kwa hiyo kwenye hali kama hii mpasuaji anakuwa amekwisha nawa, amevaa, tumbo limepakwa dawa na shuka zimetandikwa kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, na damu iko chumbani, si kwenye jokofu la jengo la pili. Anayeona mgonjwa "ameachwa macho wakati wanajiandaa" asidhani ni uzembe.

Dripu, damu na kanula ya bluu

"Si wamuwekee dripu tu?" Dripu inapandisha kina cha tenki, na kwa dakika za mwanzo hiyo ni kazi ya maana. Lakini maji ya chumvi hayakai yote kwenye mishipa. Baada ya saa moja hivi, robo hadi theluthi tu ndiyo inayobaki, mengine yamehamia kwenye nyama. Tena hayabebi oksijeni ya maana, hayana vitu vya kugandisha damu, na yakiwa mengi yanavipunguza makali vile vilivyobaki. Lita ya tatu ya dripu kwa mtu anayevuja ni dalili kwamba damu imechelewa.

Unene wa kanula, ule mrija mdogo unaoachwa kwenye mshipa, ni jambo dogo lenye hesabu kubwa. Mtiririko hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo, kwa hiyo tofauti ndogo ya upana huleta tofauti kubwa ya kasi. Kanula ya bluu, ile nyembamba inayopendwa kwa sababu haiumi sana, hupitisha kama mililita 35 kwa dakika. Ya kijivu hupitisha kama 180. Mgonjwa wa upasuaji wenye uwezekano wa kuvuja damu akiingia na kanula moja ya bluu, ni sawa na kuzima moto wa jiko kwa kijiko cha chai. Na kuitafuta mishipa baada ya presha kuanguka ni kazi nyingine, kwani imejificha yote.

Kuna kosa moja hata wahudumu huanguka nalo. Mgonjwa anavuja, wanapima himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, wanakuta 11 kama asubuhi, wanatulia. Ukimwaga nusu ya sufuria ya maziwa, yaliyobaki hayajawa mepesi. Ni maziwa yaleyale, ila ni nusu. Yanakuwa mepesi ukitia maji. Himoglobini hushuka baada ya dripu kuingia au baada ya saa kadhaa maji ya mwili yenyewe kuhamia kwenye mishipa. Kipimo kizuri katikati ya mvujo hakithibitishi kitu.

Lakini himoglobini ya kabla ya upasuaji ina maana kubwa, na hapa familia ina nafasi yake. Chukua mwanamke wa kilo 60 asiye mjamzito, mwenye lita 3.9, na tuseme hatutaki ashuke chini ya 7. Kanuni ya kukadiria ni kiasi cha damu yake, zidisha kwa tofauti ya himoglobini, gawanya kwa aliyoanza nayo. Akianza na 12, anaweza kupoteza kama lita 1.6 mradi nafasi ijazwe na dripu. Akianza na 9, ni kama mililita 870. Wanawake wawili wa uzito mmoja, operesheni moja, na mmoja ana karibu nusu tu ya nafasi ya mwenzake. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki na kuachwa kabatini kwa kuwa vinafanya choo kuwa cheusi ndivyo vinavyoleta tofauti hiyo, vikimezwa kwa wiki na miezi. Juisi ya rozela ni tamu na haina ubaya wake, ila jagi mbili usiku wa kuamkia upasuaji hazitoi chembe nyekundu. Uboho wa mifupa unahitaji wiki.

Kitu kingine kinachopunguza kina cha tenki mapema ni kufunga kupita kiasi. Mtu ametoka Mpwapwa na basi la alfajiri, juzi alihara, jana aliambiwa asile, naye hakunywa hata maji, na upepo wa Dodoma unajulikana unavyokausha midomo. Mwongozo wa kawaida wa usingizi kwa upasuaji uliopangwa ni saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji meupe. Muulize muuguzi wa wodi yako unaruhusiwa maji mpaka saa ngapi, kwa sababu wapo wagonjwa ambao muda wao ni tofauti.

Mvujo ukithibitika, chumba hubadilika mwendo. Mpasuaji anabana kwa mkono pale panapovuja, na hilo linatangulia dawa zote. Gesi ya usingizi inapunguzwa, oksijeni inapandishwa hadi asilimia 100, miguu inainuliwa ili damu ya huko irudi, kanula ya pili inawekwa. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, husaidia damu iliyoganda isiyeyuke, na kwa mama aliyejifungua inatakiwa iingie ndani ya saa 3 tangu alipojifungua. Damu inapashwa joto, kwa kuwa inatoka kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Dawa za kukaza mishipa zinapandisha namba kwenye mashine, ila zinatumika kununua dakika. Zikitumika kuficha tenki tupu, figo na utumbo ndivyo vinavyolipa.

Maombi ya damu kwa ndugu nayo hutafsiriwa vibaya. Damu ya mgonjwa haiuzwi, na uniti moja kwa mtu mzima hupandisha himoglobini kwa gramu 1 hivi, kwa hiyo aliyemwaga lita 2 haponi kwa chupa moja. Kuombwa kuchangia kabla ya operesheni iliyopangwa hakumaanishi mgonjwa ameshahesabiwa kuwa mahututi. Anayesubiri mpaka aitwe usiku ndiye anayeleta hatari, kwa sababu damu iliyotolewa saa hiyo inahitaji kupimwa magonjwa na kulinganishwa kundi kabla ya kutumika.

Saa chache za mwanzo wodini zina mitego yake. Ganzi inapoisha baada ya saa mbili au tatu vena hujikaza tena, kwa hiyo presha hupanda yenyewe hata kama damu bado inavuja ndani. Mwuguzaji aliyekaa kitandani huona mambo ambayo mashine haioni: mgonjwa anaomba maji kila dakika, ameanza kupayuka, vidole ni vya baridi, mfuko wa mkojo haujaongezeka tangu saa nane, tumbo linazidi kukaza, pedi mpya imelowa kabla ya saa moja kupita. Yoyote kati ya hayo yakitokea, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama mashine bado inaandika 110 kwa 70.